Mheshimiwa, Tuandikie Kiwango cha Floraidi Kwenye Kila Kisima

Kwa Waziri wa Maji wa Kaunti,
Nakuru.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Lanet. Mimi ni mama wa watoto wawili, mpangaji, na nina ombi moja tu. Kabla sijalitoa, nivumilie nikueleze lilikotoka.

Huku kwetu habari za maji huanzia kwenye birika. Ukikaa wiki mbili bila kulisugua, chini panaganda ukoko mweupe kama chokaa, na ukiukwangua kwa kijiko unabanduka magamba magamba. Sabuni ya kufulia inakataa kutoa povu, mashati ya shule yanafifia yakawa kijivu. Tumezoea kusema maji yetu ni magumu, na kila nyumba ina dawa yake: huyu anatia limau kwenye birika, yule anangoja mvua ndipo afue mashuka. Hata mimi nilidhani shida ya maji yetu ni hiyo.

Kumbe ugumu huo unaletwa na kalsiamu na magnesiamu, madini ambayo mwili wenyewe unayahitaji. Unachosha mikono na kumaliza sabuni, lakini si wa kumtia mtu hofu.

Kilichonifungua macho ni meno ya binti yangu. Alizaliwa hapa, na maji aliyoyanywa tangu utotoni ni ya kisima kirefu cha mtaani, yanayotufikia kwa bomba hadi uani. Meno ya mbele ya kudumu yalipoota yalikuwa na michirizi myeupe, baadaye yakaingia madoa ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Nilimgombeza kwamba hapigi mswaki. Nikawa namsimamia asubuhi na jioni, asugue tena na tena, hadi siku moja ufizi ukatoa damu. Madoa hayakutoka. Daktari wa meno alipomtazama hakuuliza habari za peremende, aliuliza tunakunywa maji ya wapi. Akaniambia ni floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji, na kwamba jino lilidhurika likiwa bado ndani ya ufizi. Tulipopanda matatu kurudi nyumbani nilimwomba mwanangu msamaha. Ana miaka 9 sasa, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja.

Mheshimiwa, unajua kuliko mimi kwamba Bonde la Ufa limekaa juu ya miamba ya volkano. Kreta ya Menengai tunaiona kila tukitoka nje. Maji yakikaa muda mrefu chini kwenye miamba hiyo huichukua floraidi, na visima virefu ndiko yanakochotwa. Kiwango kinachokubalika, kwa Shirika la Afya Duniani na kwa Kenya pia, hakipiti miligramu 1.5 kwa lita. Kikipita hapo, meno ya watoto ndiyo huonyesha kwanza, na kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo vya watu wazima navyo huumia.

Ubaya wa floraidi ni kwamba haionekani wala hainuki. Tunachemsha maji tukiamini tumeyasafisha, kumbe tumeua vijidudu tu: mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Tena maji laini, yale yanayoteleza mkononi na kutoa povu upesi, mara nyingi ndiyo yenye floraidi zaidi, kwa sababu kalsiamu iliyo nyingi huizuia isiyeyuke kwa wingi. Nina jirani anayejisifia kisima chao kwa ulaini wake. Sina la kumwambia, maana bila kupimwa hakuna ajuaye, si yeye wala mimi.

Dawa yenyewe haiko mbali. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilitengeneza hapahapa vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na vinainasa floraidi. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, kwa hiyo mwenye bati safi, mifereji na tangi anaweza kuwatengea watoto ya kunywa na ya kupikia uji. Lakini mama anayehesabu shilingi hawezi kununua kichujio kwa kubahatisha, akiwa hajui kama anakihitaji.

Ndiyo maana naomba hivi: kila kisima kinachouzia watu maji, kiwe cha umma au cha mtu binafsi, kiwekewe kibao chenye kiwango cha floraidi na tarehe ya kupimwa. Na kwa sisi wa maji ya bomba, kiwango hicho kiandikwe kwenye bili. Mabomba ya mji huu hupokea maji ya visima na ya mito, kwa hiyo kipimo cha mwaka juzi hakitoshi, tuandikiwe kila kinapobadilika. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya maji safi na salama, na cha 35 kinatupa haki ya kupata habari. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Kibao cha bati na rangi hakiwezi kulishinda jiji.

Mdogo wake binti yangu ana miaka 2. Daktari alinieleza kwamba meno yake ya kudumu yanajengwa sasa hivi ndani ya ufizi, na kazi hiyo itaendelea hadi akaribie miaka 8. Kwa sasa namnywesha maji ya mvua, na tangi limebaki robo.

Wako,
Mama wa Lanet