Jina la kanga na jina la mtu

Mhariri salamu,

Ile makala yenu ya wiki jana, eti wasanii wa siku hizi wakihangaika na "mimi ni nani" wanaiga Wazungu, kwakweli imeniuma. Hivi mnamjua Lubaina Himid, yule mchoraji? Kazaliwa Zanzibar 1954, baba yake akafariki yeye bado kichanga, mama akamchukua wakaenda Uingereza, kakulia hukohuko na 2017 akashinda tuzo ya Turner, ile tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Na huyo anachora kanga! Pindo lipo, mji upo, na jina pale chini lipo, ila anaandika Kiingereza, maneno mengine kayatoa kwa waandishi weusi. Sasa hapo nani kamuiga nani?

Ana kazi yake ya 2004 inaitwa Naming the Money, watu 100 wa mbao, kimo cha mtu kabisa, ni Waafrika waliokuwa watumwa kwenye majumba ya matajiri wa Ulaya, wapo wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, mpaka wafunza mbwa. Kila mmoja anataja jina lake la kwao halafu anataja na lile alilopachikwa.

Mimi hilo lilinitoa machozi maana nilipoanza darasa la kwanza mwalimu alisema Mwanakombo ni jina la kizamani, akaniandika Amina, hivyo hivyo bila kuuliza mtu nyumbani, na vyeti vyangu vyote mpaka leo ni Amina. Bibi peke yake ndo aliendelea kuniita Mwanakombo hadi anafariki. Kaniachia kanga moja nyekundu, pindo limechanika upande na herufi zimefifia, ukiiweka juani ndo unasoma WEMA HAUOZI. Alikuwa haivai kwenda sokoni, anajifunga siku akiwa na jambo na mtu, na huyo mtu anajua kabisa anaambiwa yeye.

Sasa msituambie haya mambo ni ya kuletewa. Ombi langu dogo tu, ule ukurasa wenu wa utamaduni, kila wiki upeni kanga moja, piga picha, muulizeni mwenyewe aliinunua lini na kwa nini alichagua jina lile, wapo mabibi kibao wanasubiri kuulizwa. Ya bibi yangu nitaileta mwenyewe.

Mwanakombo,
Tanga