Rafiki yetu wa Maskati hayuko Maskati

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini. Jina langu naomba ulifiche, na ya wenzangu siyaandiki kabisa. Nitawaita kama tunavyoitana wenyewe, kwa miji yetu: mmoja Njombe, mwingine Maskati. Mimi ni Tanga.

Tulikutana kidato cha kwanza mwaka 1994, shule ya bweni huko Iringa. Mimi na huyo Maskati, ambaye kwao hasa ni Pangani, tulifika na shuka moja moja na kanga zetu. Hakuna aliyetuambia habari za Juni ya Iringa. Ilipofika tulilala tumekunjamana kama kamba wabichi, meno yanagongana. Kitanda cha jirani alilala msichana wa Njombe mwenye mablanketi mawili mazito. Alitutazama siku mbili huku anacheka, ya tatu akatutupia moja: “Watu wa bahari, mtakufa bure.” Urafiki wetu ndio huo, Shangazi. Ulianza na baridi, na hadi leo hatusalimiani bila kuulizana kwenu kukoje.

Kila Ijumaa tunatumiana voisi. Njombe ndiye mwenye maneno mengi. Juni na Julai anatusimulia jinsi umande unavyoganda juu ya majani ya viazi, jinsi mumewe anavyoligombania jiko la mkaa na paka. Msimu wa mvua anatuambia ulanzi umeanza kugemwa na wanaume wa kijijini wameanza kuchelewa kurudi. Mimi nina kaskazi na kusi, mvua ya vuli iliyokuja au iliyokataa, bei ya machungwa ya Muheza. Maskati alikwenda Oman mwaka 2012 kumtunza bibi mmoja mzee aliyezaliwa Unguja, na alikuwa akituchekesha na joto la kule: kwamba mwezi wa sita maji ya bomba la baridi yanafaa kuogea mtoto mchanga, na bibi yake huyo, baada ya miaka yote ile, bado analalamika kwa Kiswahili kwamba Maskati hakuna upepo kama wa Forodhani.

Ndani ya habari hizo za mvua na jua ndimo tulimozikana na kuzaliana. Mtoto wa Njombe alipougua, tulijua kwa sababu Ijumaa ile hakutaja hali ya hewa.

Sasa tatizo. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024 Oman ilipigwa na mvua kubwa, wadi, yale mabonde yao makavu, zikafurika, watu wakafa, wakiwemo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa ndani ya gari. Taarifa zilifika hadi barazani kwangu. Ijumaa nikatuma voisi kwa wasiwasi: “Shoga, poleni, nyie mko salama?” Akajibu kwa uchangamfu: “Salama mwenzangu, huku jua tu, mafuriko gani tena? Nyinyi ndio poleni na ya Rufiji.” Nikasema labda hatoki nje. Lakini Shangazi, mtu akae nchini humo, shule zimefungwa, simu zinalia, asijue?

Haikupita hata wiki tatu, kikaja kimbunga Hidaya. (Shangazi yake mume wangu anaitwa Hidaya, alitaniwa mwezi mzima mpaka akanuna.) Jumamosi ile ya tarehe 4 Mei boti za Unguja zimesimamishwa, tunatumiana salamu tangu asubuhi. Maskati akatuma voisi ya kutuombea dua. Nyuma ya dua nikasikia mvua inapiga bati. Mimi nimezaliwa chini ya bati, sauti hiyo siwezi kuichanganya na nyingine. Na nyumba ya bibi yule tunaijua kwa picha, ina paa bapa la zege.

Hapo nilijikaza nikanyamaza. Kilichonimaliza ni adhana.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 20 Desemba. Nimemaliza kusikia adhana ya Magharibi ya msikiti wetu, natafuta mswala, simu ikalia: voisi ya Maskati. Nikaifungua. Anasema huku kumeanza kupoa, alhamdulillahi, na nyuma yake mwadhini anaanza Allahu akbar. Niliirudia mara nne. Saa za Oman ziko mbele yetu kwa saa moja, na Desemba jua lao huzama mapema. Magharibi yao huingia kwetu ikiwa saa kumi na nusu hivi, watu bado wanakunywa chai ya jioni. Voisi ile ilipofika, Maskati ilikuwa saa moja na nusu imeshapita, Isha imeshaadhiniwa zamani. Adhana niliyoisikia ilikuwa nyuma ya ile yetu kwa dakika mbili tatu tu. Ramadhani moja niliyofungia Dar kwa dada yangu, tulikuwa tunapishana na Tanga hivyo hivyo kwa dakika chache. Nilikaa juu ya mswala na Magharibi karibu inipite.

Kwa hiyo yuko hapa, na sijui tangu lini. Nadhani bibi yule alifariki, au walimrudisha, naye akashindwa kurudi Pangani mikono mitupu baada ya miaka kumi na zaidi ya “mwanetu yuko Arabuni”. Nadhani tu. Siku moja nilimtegea, nikaandika: “Leo Dar nasikia mvua kubwa.” Akanyamaza siku mbili, kisha akatuma picha ya bahari ya Mutrah, hukohuko Maskati, amejifunga mtandio wa waridi. Picha hiyo alishatutumia zamani. Mtandio ule ndio aliovaa kwenye harusi ya mdogo wangu, 2017, aliporudi likizo.

Ningeweza kuyaacha yapite. Mimi mwenyewe si msafi. Mwaka 2019 mume wangu alipoachishwa kazi tuliishi miezi minane kwa cherehani yangu peke yake, na wenzangu niliwaambia kwamba vuli imechelewa, basi. Kama wangekuja kunifunua wakati ule, sijui ningewatazamaje. Kwa hiyo namwelewa. Anachokifanya ndicho tulichozoea sote, ila yeye amekifanya nchi nzima.

Lakini kuna watu wawili.

Wa kwanza ni mama yake. Kila mwezi anakuja Tanga kliniki ya presha, akitoka anapita barazani kwangu apumzike kabla ya kupanda gari la Pangani. Ana kiswaswadu, voisi haziingii. Binti humpigia, ila anasema siku hizi ni kwa nadra na haongei sana, kwa hiyo hunigeukia: “Mwenzio anasemaje? Joto limepungua huko?” Nami, kwa midomo yangu hii, namwambia limepungua mama. Mwezi huu wa Januari kaniuliza tena, nikiwa tayari najua yote. Nikamjibu kumepoa, anajifunika shuka nzito. Akafurahi. Akaniachia kifurushi cha papa mkavu, eti akitokea mtu wa kwenda, nimpe ampelekee. Kiko juu ya kabati langu, nyumba nzima inanuka.

Wa pili ndiye anayeninyima usingizi. Binti wa Njombe ana miaka ishirini na mmoja, amemaliza kidato cha nne, hana kazi. Tangu mwaka jana Njombe anataka ampeleke Oman kufanya kazi za ndani, kwa moyo mmoja, kwa kuwa “mama yake mdogo yuko kule”. Juni Maskati alimjibu asubiri joto lipungue. Oktoba akasema asubiri kidogo, bibi anaumwa. Njombe hakuusoma ukwepaji huo. Ameuza magunia ya viazi, amemlipia binti pasipoti, amepata wakala wa Dar, na safari wameipanga baada ya Pasaka. Mkataba hajauona vizuri, anasema hana haja, mwenzetu atampokea uwanja wa ndege na kumtazama. Ijumaa iliyopita ametuma voisi anauliza binti abebe sweta au asibebe. Maskati amejibu: “Asibebe, huku joto.” Basi. Hakusema atampokea, na hakusema hatampokea.

Shangazi, nilitetemeka.

Mume wangu anasema nimwambie Njombe leo hii na yaishe. Dada yangu wa Dar anasema nisiseme kitu, nimtafute Maskati ana kwa ana kwanza. Lakini nimtafute wapi, Dar yote ile, kwa kufuata adhana? Nikimpigia nikamwambia najua, naogopa atazima simu, na mama yake atakosa hata hiyo habari ya joto. Nikimwambia Njombe, Maskati atajua ni mimi, na Njombe ni mtu wa hasira, atamtukana kwenye kundi kabla sijamaliza sentensi. Nikinyamaza, mtoto atashuka ndege kwenye nchi ya watu, hana wa kumpungia mkono.

Nimewaza pia kumwambia Njombe azuie safari bila kumpa sababu ya kweli, nitunge jambo kuhusu wakala. Halafu nikajiona na mimi natunga tena.

Naomba unishauri nianzie kwa nani, na kwa maneno gani. Najua safari isimamishwe, hilo halihitaji ushauri. Ninachokitafuta ni namna ya kuisimamisha ambayo itamwachia Maskati mlango wa kuingilia, maana nikikumbuka lile blanketi tulilolala wawili chini yake, simwoni kama mwongo. Namwona anatetemeka.

Ijumaa hii ni zamu yangu kuanza. Kaskazi inavuma tangu juzi, vumbi limeingia mpaka kwenye pindo za vitambaa vya wateja. Nimerekodi voisi mara tatu nikaifuta. Njombe ameshaniuliza mbona kimya, kwake mvua haijakatika siku ya nne. Nijibu mapema, tafadhali.

Mimi,
Tanga