Mkono wa Idi kwa wenzetu wa masikio na usemi, waliopo na waliotangulia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi umeandama, Ramadhani imetuaga, na nyote mnaofanya kazi ya kutibu masikio, usemi na lugha, Unguja na Pemba, nawapa mkono wa Idi. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na ile zaka ya fitri tuliyoitoa kabla ya swala. Wale wanaofundisha watoto kutamka, ambao mwezi mzima wameshinda wakisema na koo limekauka tangu saa nne asubuhi, Mungu awazidishie ujira.

Salamu za mwaka huu nazielekeza zaidi kwa walio makaburini. Kwetu Idi ndivyo ilivyo: swala ikisha na watu wakishapeana mikono, wengi hupitia kwanza kwa maiti wao ndipo warudi nyumbani kula. Ukifika Mwanakwerekwe asubuhi ya sikukuu mosi utakuta kanzu mpya zimechutama kila upande. Mtu anamsomea babake, akimaliza anasogea kwa jirani, kisha kwa maalim wake wa chuoni. Mfanyakazi mwenzake ndiye anayesahauliwa. Tunamtaja siku tatu za msiba, tunamsifu, tunachanga, halafu jina lake linabaki kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani mpaka karatasi ichanike yenyewe.

Kazi yetu tarehe zake inazo. 3 Machi ni Siku ya Usikivu Duniani. 23 Septemba ni ya lugha za alama, na ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku lilipoundwa Shirikisho la Viziwi Duniani mjini Rome mwaka 1951. Siku hizo tunavaa fulana, tunapima watu bure, tunasema na wazazi, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini hatuna siku ya kumkumbuka aliyetufundisha kushika kioo cha kuchungulia sikio. Basi mimi naichukua Idi.

Namkumbuka mzee wetu wa mashimesikio, vile vyombo vya kusaidia kusikia vinavyovaliwa sikioni. Jina lake silitaji kwa kuwa sijawaomba ruhusa watu wake, ila wengi wenu mtamjua kwa sifa hii: hakumgusa sikio mtoto kabla hajamgusa kiganja. Akishachungulia na kuona tundu ni safi, alichukua tonge ya ule ute wa waridi wa kuchukulia umbo la sikio, akamtia mtoto mkononi aufinye, aone kwamba ni baridi na hauumi. Akitulia, alitanguliza kipamba chenye uzi ndani ya tundu ili ngoma ya sikio isiguswe, kisha akaujaza ute taratibu na kuanza kumuuliza kuhusu nguo za sikukuu. Ukishakauka, anavuta, na unatoka na kila kona ya sikio la yule mtoto; kwa umbo hilo ndipo hutengenezwa kipande cha kuvaa sikioni kinachounganishwa na shimesikio.

Alitukumbusha pia kwamba kipande cha mtoto hakidumu. Sikio linakua, kipande hakikui, na baada ya miezi kinalegea, sauti inavuja na shimesikio linapiga mluzi. Siku ya Idi ndiyo siku ya kuwajua wenye vipande vilivyolegea, maana kila bibi anataka kumkumbatia mjukuu, na shavu likigusa sikio, mluzi huo! Mzee akiusikia barazani alikiweka chini kikombe chake cha kahawa, akamwita mtoto, akamtazama sikio palepale, sikukuu au si sikukuu. Wazazi aliwafundisha kukibandua kibandiko cha betri na kuiacha kidogo ivute hewa kabla ya kuitia, na usiku kulilaza shimesikio ndani ya kopo lenye vijifuko vya kukaushia unyevu. Masika yetu haya, na jasho la watoto wetu, vinaua vyombo vingi kuliko kuanguka.

Halafu namkumbuka dada yetu wa Pemba, wa usemi. Huyu aliwarudisha darasani watoto kadhaa walioletwa kwa ati matamshi mabaya, kumbe kosa lao ni kusema nkono na nchele kama wanavyosema kwao Micheweni. Aliwaambia walimu, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno, kwamba Kipemba hakina dawa kwa sababu si maradhi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kwa watu wazima waliopigwa na kiharusi wakapoteza maneno. Alikuwa na mgonjwa mmoja, mvuvi, ambaye hakuweza kuomba maji wala kumwita mkewe kwa jina. Usiku wa kuamkia Idi takbira zikaanza msikitini, na yule bwana akazipokea, Allahu Akbar, Allahu Akbar, mpaka mwisho, neno kwa neno. Nyumba ikagawanyika. Wengine walilia kwa furaha, wengine wakanong'ona kwamba kumbe siku zote alikuwa anajidai. Dada ndiye aliyekwenda kuwaeleza. Maneno ambayo mtu ameyasema maelfu ya mara tangu utoto, dua, salamu, kuhesabu, hata matusi, huweza kubaki pale ambapo uwezo wa kupanga sentensi mpya umeharibika. Daktari John Hughlings Jackson wa London alilieleza jambo hili tangu karne ya 19. Kwa hiyo yule bwana hakuwa mwongo, na wala hakuwa amepona. Dada akaitumia ile takbira kama pa kuanzia: wakisema pamoja, kisha salamu, kisha siku za juma, kisha majina ya watoto, kila moja kwa kusubiri. Alijua kusubiri yule dada. Angeweza kukaa kimya mbele ya mgonjwa mpaka wewe uliye pembeni ukatamani kumjibia.

Basi sikukuu hii, ukienda kumpa mkono wa Idi mtu wa namna hiyo, mfanyie alivyokuwa akifanya yeye. Punguza redio, kaa mbele yake, uliza linalojibika kwa ndiyo au siyo, usimmalizie neno. Na chakula jamani! Pilau na nyama ya sikukuu vimewapalia wengi. Mgonjwa anayekohoa akila au akinywa akalishwe wima, kijiko kiwe kidogo, ameze kwanza ndipo apewe kingine, na asilazwe mara tu baada ya kula.

Yupo na mkalimani wetu wa lugha ya alama, aliyekuwa akisimama pembeni ya khatibu ili viziwi waipate khutba ya Idi pamoja na watu wote. Tangu afariki, pale aliposimama yeye sijamwona mwingine.

Na wako wazee wa fani walio mbali nasi. Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa Alabama, alipata uziwi utotoni kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1957 alifungua skuli ya viziwi Accra, akaendelea mpaka skuli alizozianzisha Afrika zikapita 30, na akafia kazini, kwa ajali ya ndege Rwanda, Disemba 1987. Charles Van Riper, aliyefariki 1994, alikuwa na kigugumizi mwenyewe na akatumia umri wake wote kuwatibu wenye kigugumizi. Hawa vitabu vinawataja. Wa kwetu tusipowataja sisi, hakuna mwingine.

Tena nisiseme kuwataja tu. Sisi ni wachache mno. Mahali penye madaktari kumi, mmoja akifariki huzuni ni kubwa lakini foleni inahamia mlango wa pili. Akifariki mpima masikio pekee, mashine inafunikwa kanga na wagonjwa wanaambiwa warudi mwezi ujao. Kinachoniuma zaidi ni kile kinachokwenda naye. Marehemu mmoja alikuwa na kadi za picha alizozichora kwa mkono, pamoja na orodha ya maneno ya Kiswahili ya kupimia usikivu. Ilibidi aitunge mwenyewe, maana orodha nyingi za Kiingereza zimejengwa kwa maneno ya silabi moja, na sisi ya namna hiyo tunayo machache sana. Alipofariki, chumba chake mahali nisipopataja kilipakwa rangi upya, kabati likatolewa nje, na karatasi zikaenda jaani. Aliyezitupa hakukusudia ubaya. Hapakuwa na mtu wa kumwambia ni za nini.

Tumefundishwa kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema wa kumuombea. Ile ya pili imo mikononi mwetu, sisi tuliobaki na madaftari yao.

Kabla sijasahau, viwanja vya sikukuu. Ikiwa Tibirinzi au Mnazi Mmoja, spika ni zilezile. Sauti ya desibeli 85 (desibeli ndiyo kipimo cha ukali wa sauti) sikio linaivumilia saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, hivyo kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15. Wapelekeni watoto wakafurahi, wale ubuyu na malai, lakini msiwasimamishe mbele ya spika, na fataki zisirushwe karibu na masikio ya mtu.

Ijumaa ya kwanza baada ya sikukuu, Inshallah, baada ya alasiri, tutawasomea hitima wenzetu wote, wa Unguja na wa Pemba pamoja. Chai na kaimati zitakuwepo. Mwenye daftari, kadi, orodha ya maneno au hata barua ya marehemu yeyote aje nayo. Vijana wawili watakuwa pale kuzipiga picha na kumrudishia mwenyewe siku hiyohiyo. Walio Wete na Mkoani wasioweza kuvuka wampe msafiri wa boti wanayemwamini.

Idd Mubarak. Kullu am wa antum bikheir.