Baba, karatasi inajuaje maumivu ya mtu?

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe, Mama na wadogo zangu mkiwa salama. Mimi ni mzima.

Siku ile kwenye simu uliniuliza swali, nami nikalijibu juu juu kwa sababu nilikuwa na haraka. Ulisema: karatasi ya maswali inajuaje maumivu ya mtu? Tangu siku hiyo swali hilo halijanitoka, maana kazi yangu yote huku ni hilo. Karatasi haijui kitu mpaka ithibitishwe.

Dodoso tunalolichunguza linaitwa PCL-5. Lilitungwa Marekani, kwenye kituo cha taifa kinachoshughulikia msongo unaobaki baada ya kiwewe. Lina maswali 20. Kila swali linauliza kero fulani imemsumbua mtu kiasi gani mwezi uliopita, naye anachagua namba kuanzia 0, yaani haijamsumbua kabisa, hadi 4, yaani imemzidi. Jumla haiwezi kupita 80, na anayefika 31 hadi 33 hushauriwa achunguzwe zaidi. Kulijaza ni dakika 5 hadi 10 tu. Wepesi huo unanitia hofu, kwa kuwa namba ikishaandikwa watu huiamini kuliko wanavyomwamini mwenye maumivu.

Sisi tunalitumia kwa Kiswahili, kwa watu waliokimbia vita. Kabla ya kupiga hesabu yoyote nilikaa na mmoja mmoja, nikamsomea swali, kisha nikamwomba anieleze kwa maneno yake ameelewa nini. Swali la 17 linahusu mtu kukaa kwenye tahadhari muda wote. Tuliandika "kuwa macho kupita kiasi." Mzee mmoja wa rika lako akajibu bila kusita: "Sana, mwanangu. Usiku kucha niko macho, usingizi hauji." Akaweka 4. Lakini usingizi unaulizwa kwenye swali la 20! Huko nako akaweka 4. Kero moja imehesabiwa mara mbili, na ile tuliyoitaka hatukuigusa. Tulipoendelea kuzungumza ndipo akaniambia kwamba kila anapoingia chumba cha watu, lazima akae mahali anapouona mlango. Swali la 17 lilikuwa linatafuta hilo.

Swali la 13 nalo linauliza kama mtu anajihisi yuko mbali na wenzake. Mama mmoja akasema, "Mbali sana, wanangu wako nchi nyingine." Alipima safari. Sisi tulitaka kujua kama hata akikaa na watu anaowapenda moyo wake hauwafikii. Nilisikia aibu, Baba. Nami niko mbali nanyi, ningejibu vilevile.

Wapo wanaotosheka na alfa ya Cronbach. Ni kipimo kinachoonyesha kwamba maswali yanakwenda pamoja, basi. Hakisemi yanakwenda wapi. Watu wengi wakijibu kama mzee yule, kingepanda vizuri tu, maana majibu yao mawili yangefanana.

Jaribio zito zaidi ni hili: mtu anajaza dodoso, kisha mtaalamu asiyejua alama zake anafanya naye mahojiano marefu ya uchunguzi, yale yanayoitwa CAPS-5. Halafu tunalinganisha. Tuseme kati ya watu 100, 10 wana tatizo kweli. Dodoso likiwakamata 9, utasema ni zuri. Lakini likimwonyesha mgonjwa mmoja katika kila watu 5 wazima, kwenye wale 90 watatoka 18. Walioitwa watakuwa 27, na wenye tatizo ni 9 tu. Ukipandisha kiwango ili kuwapunguza hao 18, yule wa kumi aliyepotea atafuatwa na wengine. Kwa hiyo alama 31 za kule haziwezi kubebwa hivi hivi na kutumika kwa watu wetu. Lazima tutafute yetu, na hata tukiipata, itatuambia nani aitwe azungumze na mtaalamu. Haitatoa hukumu ya ugonjwa.

Nakulilia msaada wako sasa. Kwa swali la 17 tumejaribu "kukaa chonjo," lakini vijana wanaliona kama onyo la askari. "Roho juu" mzee yule aliipenda, ila wengine waliichukua kuwa ni hofu ya mara moja inayopita. Nataka neno la mtu ambaye hatari imekwisha miaka mingi, na mwili wake bado unaisubiri. Waulize wazee wenzako, na Mama pia, wao husemaje. Usiwape neno langu kwanza. Waeleze hali tu, kisha uandike walichosema kama walivyokisema.

Juma lijalo narudi kwa mzee yule. Ningependa niende na neno lenu.

Mwanao