Mgawanyiko wa Marekani msiutwishe damu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niijibu makala yenu kuhusu mgawanyiko wa Marekani. Mwandishi anasema watu wa Kaskazini na wa Kusini hawaivi chungu kimoja kwa sababu mababu zao walitoka pande tofauti za Uingereza, na damu haibadiliki. Historia ameigusa vizuri. Damu ndiyo ameisingizia bure.

Tuchukue shule. Wapuritani, yaani Waprotestanti wa msimamo mkali, waliomiminika Massachusetts huko Kaskazini kuanzia 1630, wengi wakitoka mashariki mwa Uingereza, waliamini kila Mkristo lazima ajisomee Biblia. Mwaka 1647 wakapitisha sheria: mji wenye kaya 50 uweke mtu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuandika, Shetani asipate mwanya wa kuwaficha Maandiko. Virginia ya Kusini, kwa mabwanashamba wa tumbaku, ilikuwa kinyume. Gavana wao, William Berkeley, aliandikia London mwaka 1671 akimshukuru Mungu kwamba koloni lake halina shule za bure wala mitambo ya kuchapa, akatumaini itabaki hivyo kwa miaka mia. Kiongozi mzima anashukuru kukosa shule!

Sasa karne mbili baadaye Waairishi Wakatoliki wakafurika Boston wakikimbia njaa. Upuritani hawakuwa nao hata chembe, na wenyeji waliwabagua waziwazi. Mbona shule hazikufa? Mwaka 1852 Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kulazimisha watoto kwenda shule, na baadaye watoto na wajukuu wa wahamiaji hao hao wakaja kuliongoza. Walichorithi ni sheria na kodi za waliotangulia, na undugu haukuhusika.

Pennsylvania nayo imepewa sentensi moja tu. Wakweka wa William Penn, mwanzilishi wa koloni hilo, ambao ni wa imani moja na Marafiki wa Kaimosi, Kenya, waliwakaribisha Wajerumani, na huko Germantown mwaka 1688 ukaandikwa waraka wa kupinga utumwa. Wakubwa wao wakauweka kando, maana wenye watumwa walikuwamo humo humo kanisani. Mpaka 1776 ndipo mkutano wao wa Philadelphia ulipopiga marufuku muumini kumiliki mtumwa. Watu ni wale wale, msimamo umegeuka baada ya mabishano ya miaka karibu tisini.

Lakini kilichoniudhi hasa ni kwamba waliopelekwa kwa minyororo hawamo kabisa kwenye makala. Carolina ya Kusini ilianza 1670, mabwana wake wengi wakitokea Barbados na sheria zao za utumwa, na kufikia 1708 Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu. Mpunga uliowatajirisha mabwana hao walikuwa wakiujua Waafrika wa Magharibi: wameulima, wameutwanga kwa kinu na mchi, wameupepeta kwa ungo waliousuka wenyewe. Vizazi vyao, Wagullah, bado wanasuka, na lugha yao wanayo. Ukiwatoa hao, huo utamaduni wa Kusini unaosifiwa kuwa wa Waingereza unabaki na nini mezani?

Mwandishi ameahidi sehemu ya pili. Namwomba aanzie Carolina, tena jikoni, kwenye wali na bamia, kabla hajaturudisha kwenye koo za Uingereza.

Msomaji wenu,
Tanga