Jamani mafundi, pimeni thredi kwanza kabla ya kushika tepu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimelimeza tangu mwaka jana na bado limenikaa kooni. Mi nipo Tanga, nina pikipiki ya marehemu babu, BSA B31, ile ya cc 350 ya silinda moja, babu aliinunua mkononi kwa mzungu aliyekuwa anafungasha kuondoka shamba la mkonge, na mpaka babu anafariki ilikuwa inawaka kwa kiki mbili. Baada ya hapo ikalala stoo miaka na miaka, kuku wakaatamia kwenye siti, mi ndo nikaitoa.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo tu. Kava la taiming, lile la aluminiamu linalofunika gia za injini upande wa kulia, lilikuwa linavuja oili na skrubu mbili hazipo, nikasema nibadilishe gasketi nitafute na skrubu basi yaishe. Nikampelekea fundi mmoja, simtaji, vijana wa bodaboda wote wanamsifia na kwa pikipiki za siku hizi kweli mkono wake mzuri. Akaangalia tundu sekunde mbili akaniambia "kaka hii ni bolti ya kumi hii," akachukua bolti ya kumi kwenye kopo akaiingiza kwa vidole. Ikaingia vizuri kabisa! Mizunguko mitatu minne ya mwanzo laini, halafu ikaanza ugumu kidogo, akashika spana akakaza, akakaza tena, mara ikalegea ghafla ikawa inazunguka bure. Alipoitoa ilikuwa imevaa uzi wa aluminiamu umejiviringisha kwenye meno yake, yaani thredi zote za krankesi, yale meno ya ndani ya tundu kwenye kasha la injini, zimekuja nayo. Kuona hivyo akasema hamna shida, tunapanua tunaweka kubwa yake, na kabla sijasema kitu ameshapitisha drili na tepu, kile chuma cha kukatia thredi ndani ya tundu, ya milimita 8. Bolti ikakamata safi, ila sasa haipiti kwenye tundu la kava, na tundu lenyewe lipo ukingoni ukuta uliobaki ni kama ganda la yai.

Nikaondoka na pikipiki yangu kwenye kirikuu bila kusema neno, hasira zikiongea mtu anaweza akaharibu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyestaafu karakana ya reli, ana kibanda chake cha kukereza nyuma ya nyumba. Yeye hakushika spana. Alichukua geji ya thredi, ile kama kisu cha kukunja chenye majani mengi yenye meno, akaiweka kwenye skrubu moja ya zamani iliyobaki, akabadilisha jani, akabadilisha tena, akainyanyua juani aangalie kama kuna mwanga unapita. Akasema "robo inchi, meno 26 kwa inchi. Hii mwanangu sio ya kumi."

Sasa hapa ndo nataka mafundi wanielewe maana mtego wenyewe upo hapa. Bolti tunayoita ya kumi, kwa sababu spana yake ni namba kumi, ina unene wa milimita 6 na hatua ya jino hadi jino ni milimita 1. Robo inchi ni milimita 6.35, na meno 26 kwa inchi maana yake hatua ni kama milimita 0.98. Umeona? Hatua zinakaribiana mno, alafu bolti ni nyembamba kidogo kuliko tundu, kwahiyo itaingia tu, mkono utakudanganya kwamba ndo yenyewe. Lakini ukifika jino la kumi tofauti imeshafika karibu robo milimita, meno yanaanza kupandana, na yaliyoshika yameshika nchani tu. Ukikaza aluminiamu inanyolewa. Ingekuwa haifanani kabisa fundi angeshtuka mapema, ubaya wa hizi ni kwamba zinafanana.

Waingereza nao walikuwa na vituko. Joseph Whitworth alipanga thredi zake mwaka 1841, jino lenye pembe ya digrii 55, baadae wakaja watu wa baiskeli, Cycle Engineers' Institute, mwaka 1902 wakatoa ya kwao ya digrii 60 yenye meno madogo madogo ili nati isilegee kwa mtikisiko, na pikipiki zikarithi kutoka kwa baiskeli. Kwahiyo pikipiki moja unaweza kukuta stadi, ile bolti isiyo na kichwa yenye thredi pande zote mbili, upande unaozama kwenye aluminiamu ina meno makubwa ya Whitworth, kwasababu chuma laini kinataka jino nene, na upande wa nati ina meno madogo ya baiskeli. Stadi moja thredi mbili! Bomba la petroli nalo lina thredi za bomba kama za maji. Na spana ndo usiseme, nati nyingi hapo ukipima ni kama milimita 13.3, spana ya 13 haiingii na ya 14 inacheza, ndo maana nati za pikipiki hizi zote zimeshakuwa duara.

Mzee alivyotengeneza nilikaa nimeangalia mwanzo mwisho. Yale matundu mengine yaliyokuwa machafu tu hakuyapitisha tepu kabisa, alichukua ile skrubu ya zamani akaibana kwenye jiliwa akaikata mifereji mitatu kwa msumeno wa chuma, akaisafisha kwa tupa, akaipaka grisi akaizungusha polepole, uchafu ukatoka umekaa kwenye mifereji. Anasema tepu mpya inakula chuma ambacho bado kizima. Matundu mawili yaliyokufa akayawekea bushi, yaani kibomba kifupi chenye thredi nje na ndani. Alikereza bronzi, nje akaipa thredi ya milimita 10 hatua ya 1, ndani robo inchi meno 26. Tepu ya baiskeli hakuwa nayo, alikuwa na ya BSF, ile British Standard Fine ya Waingereza yenye meno madogo, nayo kwa robo inchi ina meno 26 hivyohivyo, jino tu ndo la digrii 55 badala ya 60, akacheka akasema kwa skrubu ya kava haitajua. Bushi akaipaka gundi ya thredi akaiacha mpaka kesho yake. Kwenye lile la ukingoni alipitisha drili kwa mkono, nilikuwa siwezi hata kupumua.

Kuna ile waya ya kujiviringisha, helikoili, nayo ni dawa nzuri na za saizi hizi zipo Uingereza, ila inataka tepu yake maalum, kuagiza yote hayo kwa matundu mawili ni gharama. Skrubu mpya alizikata mwenyewe kwenye mashine yake ya Kiingereza, kibao cha gia kimeandikwa 26 kabisa. Kwenye mashine ya milimita ungehitaji gia ya meno 127 ya kugeuza milimita kuwa inchi, hiyo ngapi zipo mtaani?

Sasa kilichoniuma zaidi Mhariri. Nilimuuliza tepu zingine kama zile zinapatikana wapi, akaniambia mwenzake mmoja aliyefanya naye kazi alifariki akaacha sanduku zima, tepu na dai (zile za kukatia thredi nje ya bolti) za Whitworth, BSF, baiskeli, zote kwenye mbao zimepangwa kwa namba. Watoto wameuza kwa kilo kwenye chuma chakavu pamoja na vyuma vya kitanda.

Vyuo vya ufundi hata vikitoa asubuhi moja tu kumfundisha kijana kushika geji na vernia ya kupimia unene, ajue kuna inchi na kuna milimita, sidhani kama mtaala utavunjika. Na wala sio mambo ya vizee kama mimi tu, mashine za kusaga na mapampu ya zamani huko vijijini yana thredi hizohizo, yanauawa kila siku kwa bolti ya kumi na ya kumi na mbili.

Kava halivuji tena. Kilichobaki ni ekseli ya nyuma, thredi zimepondwa na nyundo ya mtu. Kwahiyo kama kuna msomaji babu yake alikuwa fundi na sanduku lipo uvunguni, tafadhali usilipeleke kwenye mizani, hasa dai za meno 26, mi nanunua na nalipa zaidi ya bei ya chakavu. Namba yangu nimeiacha kwa Mhariri.

Mjukuu mwenye BSA,
Tanga