Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2020

Ndugu wanachama, wakubwa wote shikamooni, wengine poleni na mihangaiko. Najua mnataka hesabu, mweka hazina atazisoma, ila niacheni kwanza niongelee mpaka wetu na Kenya maana bila huo mpaka hizo hesabu hamtazielewa.

Mwaka tulianza vizuri tu. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Namanga, kile ukaguzi wa nchi zote mbili unafanyika sehemu moja, kizinduliwe Desemba 2018 tulishakizoea, asubuhi unavuka na vitunguu vyako jioni upo nyumbani unapika. Machi korona ikaingia, Kenya wakatangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13, sisi Tanzania tarehe 16 pale Arusha, tukaendelea kuvuka tunanawa kwenye ndoo. Kilichotumaliza ni Mei 16 Kenya walipofunga mpaka, na hapa tuelewane, kuna watu mpaka leo wanasema ulifungwa wote. Haukufungwa wote. Mzigo ulipita, dereva akishapimwa. Foleni ya semitrela tuliiona wenyewe, madereva wanalala chini ya magari, mtu upande huu hana ugonjwa akifika upande ule anao, kila nchi haiamini kipimo cha mwenzie, hadi mawaziri wakaja kukaa kikao hapa hapa Namanga. Lakini dereva angalau alikuwa na foleni. Mama mwenye ndoo mbili za maharage hakuwa hata na foleni ya kupanga.

Ndo wengine wakaingia njia za panya. Sitataja mtu, na kamati tuligombana sana juu ya hili, mimi nilikuwa nakataza lakini nilikuwa nakataza nikiwa nimeshiba. Hela ya bodaboda ilikula faida yote, na waliokamatwa wamebaki na deni la kikoba bila mzigo.

Julai tukachanga tukajaza fuso moja, mzigo wa wote dereva mmoja, maana gari ndo lilikuwa linaruhusiwa. Safari ya kwanza ilijibu jamani, tukasema kumbe tulichelewa. Ya pili cheti cha dereva cha kupimwa korona, vile vya siku 14, kikaisha akiwa bado kwenye foleni, ikabidi apimwe upya na nyanya zikawa zinamsubiri kwenye jua. Lile zoezi nilisimamia mimi na tarehe ya cheti sikuikagua, hasara ile ni yangu kabla ya kuwa ya chama.

Agosti wakubwa wa serikali wakahamia kwenye ndege, Kenya hawakututia kwenye orodha yao ya nchi ambazo abiria wake wanaruhusiwa kuingia na sisi tukaizuia Kenya Airways mpaka Septemba 16, watu walibishana sana kijiweni utafikiri kuna mmoja wetu anapanda.

Ombi langu kwa mkutano huu ni moja, faini za kuchelewesha marejesho kuanzia Mei hadi Desemba zifutwe kwa wote, hata wa njia za panya. Tutapiga kura kwa kunyoosha mikono, barakoa vaeni.

Mweka hazina, karibu.